Hesabu ya Wanaojivishia Ndoano

Bwana samaki aliponiletea fomu yake nilikuwa nimetimiza miaka mitatu ukweni, na katika miaka hiyo yote baba mkwe wangu alikuwa hajaniambia neno zaidi ya marahaba, asante, na mvua hiyo inakuja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililokuwa linanikereketa. Mengine yote, fomu, majogoo, uzi mwekundu, yalikuja juu ya kidonda ambacho tayari kilikuwepo.

Mimi ni Mmatengo wa Mkumbi. Nimekulia kwenye kahawa na mahindi, kwenye baridi ya kuvaa sweta mbili, nikateremka huku Mbaha, kando ya ziwa, kwa kuolewa. Sisi wa milimani tunasemwa kuwa tuna hasira za karibu, na kwa upande wangu sikatai. Nikiudhika huwa sisemi, naosha vyombo kwa kelele. Mume wangu ni mtoto wa ziwani lakini anafanya kazi Mbinga mjini, kwenye mashine ya kukoboa kahawa, anarudi mwisho wa mwezi. Yaani mimi nimetoka kwenye kahawa nikaja ziwani, yeye katoka ziwani kaenda kwenye kahawa. Huwa namtania kwamba tulipishana njiani.

Nyumbani tulibaki watatu: mimi, binti yetu wa miaka miwili, na baba mkwe. Mama mkwe sikumkuta. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa, na picha yake pale sebuleni imeliwa na unyevu upande wa mdomo, kwa hiyo hata sijui alikuwa anachekaje. Nilikaa jikoni kwake, nikatumia mwiko wake, nikalala nyumba aliyoipiga lipu kwa mikono yake, na hakuna aliyenionyesha lolote. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wanavyosema. Mimi jembe nilijitafutia mwenyewe.

Na nilijituma jamani. Nilimfulia mzee, nilimchemshia maji ya kuoga, ugali wake sikuwahi kuuchelewesha. Nilimpangia hata vitu vyake, maana alikuwa na tabia ya kusahau. Asubuhi nyingi za masika nilikuta pale kwenye kichanja cha vyombo gunzi la mahindi limechomekwa ndoano tupu, na kando yake unyoya na kipande cha uzi, karibu kabisa na kikombe cha mtoto. Nalikamata gunzi kwa vidole viwili, nalipeleka juu ya kizingiti cha mlango wake, narudi kuosha. Kwa vidole viwili kwa sababu kwetu mlimani vitu vya baba mkwe huvigusi ovyo. Ukipishana naye unasimama pembeni, ukimpa kitu unapiga goti na unakiweka chini akiokote mwenyewe. Ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo nilivyofanya, nikitegemea kwamba heshima ikizidi, siku moja mzee atafungua mdomo.

Hakufungua. Na masika ya mwaka ule ninaouzungumzia, akaacha na ziwa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Yeye alikuwa mvuvi wa mbasa, yule samaki mwenye ubavu wa fedha anayesogea mlangoni mwa mto Ruhuhu maji yakijaa. Msimu huo wenzake wote walitoka. Yeye aliupindua mtumbwi wake chini ya kibanda, akaukalia mgongo, akawa anatazama. Chakula akakipunguza. Shati lake la kanisani likaanza kumpwaya mabegani. Mume wangu akasema kwenye simu, sauti yake imeshuka, "Baba akiacha ziwa, hana muda huyo. Babu naye alianza hivyo hivyo." Nikauliza, sasa mimi nifanye nini? Akasema hajui. Mtoto wa mtu anakuacha na baba yake halafu anasema hajui.

Ziwa lenyewe halisaidii kumpa mtu akili ya haraka. Mimi mlimani nilizoea vitu vinavyokaa mahali pake. Huku, milima ya ng'ambo, upande wa Malawi, asubuhi moja ipo imesimama wazi hadi unaona mikunjo yake, asubuhi nyingine haipo, ni maji na mbingu na huoni zilipoungana. Siku nyingine katikati ya maji hupanda wale wadudu wadogo wadogo kwa mamilioni, wakaenda juu taratibu kama moshi wa mtu anayepika nchi kavu, na moshi huo ukatembea, ukainama, ukapotea. Mchana joto linalala juu ya mapaa. Unasikia mtu mmoja anagonga mtumbwi mahali fulani, ko, ko, ko, halafu anaacha, na wewe umeshasahau ulikuwa unafuata nini uani. Miaka ile mitatu naiona hivyo hadi leo, nimo ndani yake lakini kama niko nyuma ya chandarua.

Ndipo akaja bwana samaki kwa pikipiki, kijana mpole wa ofisi ya uvuvi, buti zake zina matope ya njia nzima.

"Dada, wewe umemaliza kidato cha nne," akaniambia. "Nisaidie kadirio."

"La nini?"

"La watu wanaojivishia ndoano wenyewe."

Nieleze kidogo. Kuna ndoano huku isiyotaka chambo. Unachukua ndoano tupu, unaifunga manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi mwekundu, unazungusha uzi hadi unyoya ukae kama mkia. Hiyo ndiyo kuivisha. Ukiikokota nyuma ya mtumbwi, juu juu ya maji, mbasa anadhani ni usipa, yule dagaa wa huku, aliyeachwa na wenzake, anaidaka. Ni kitu cha urefu wa kidole kidogo na kinapendeza hadi unatamani kukivaa sikioni.

Bwana samaki akaendelea kusema kwamba wakubwa wake wanafikiria kuleta ndoano za manyoya zilizotengenezwa tayari, ziuzwe dukani, na kabla ya hapo wanataka kujua watu wangapi wanajitengenezea wenyewe.

"Nihesabu kata nzima?" nikamuuliza. "Na mtoto mgongoni?"

"Usihesabu, dada. Kadiria." Akawasha pikipiki, akaondoka kabla sijapata jibu la kumkera.

Nikachukua daftari. Nilijiambia nitapita nyumba moja, niruke nne, halafu nizidishe. Niliona hiyo ni akili kubwa sana. Nyumba ya kwanza nikamkuta baba mmoja kashika ndoano yenye manyoya mkononi, anainyoosha mkia kwa mate. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikauliza.

"Baba, unajivishia mwenyewe?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anaiba kuku. "Mimi? Hapana!"

"Unanunua?"

"Nani auze?"

"Sasa hiyo umeipata wapi?"

"Ipo tu," akasema, akaiweka mfukoni.

Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mama mmoja alicheka, akaniambia ndoano za pale nyumbani huvishwa. Na nani? Basi zinavishwa tu. Ya nne mzee mmoja alipandisha sauti, "Mtu ajivishie mwenyewe, kwani hana watu?" Nikaandika hapana. Nikaandika hapana hadi mkono ukaandika wenyewe. Jioni nilipojumlisha, wanaojivishia walikuwa sifuri na wanaonunua sifuri, na kijiji kizima kilikuwa kinavua kwa ndoano za manyoya. Mh! Nikasema labda zinaanguka na mvua.

Hasira zikanipanda. Nikajiambia watu hawa wananificha kwa sababu mimi ni wa kuja, basi nitahesabu visivyojua kusema uongo. Nikaanza kuhesabu majogoo. Jogoo aliyenyofolewa manyoya ya shingo hajifichi, anatembea na shingo nyekundu kama mtu aliyevuliwa tai. Nilizunguka na daftari nikiwachungulia majogoo wa watu hadi mama mmoja akauliza wenzake kama mke wa kijana yule ameanza kuchanganyikiwa. Kwa shingo za majogoo, nusu ya kijiji ilikuwa inavisha ndoano. Nikaenda dukani nikauliza habari za uzi mwekundu. Mwenye duka akasema anauza kwa wingi kuliko rangi nyingine zote, na fundi cherehani pale tunaye mmoja, tena huwa anashona sare za shule za bluu. Kwa uzi, basi, kila nyumba ilivisha na nyingine mara mbili. Kwa midomo, hakuna hata mmoja.

Nikawa nalala mchana na hesabu hiyo. Nikijinyoosha mkekani na mtoto, macho yakifumba, naona ndoano zinapita hewani polepole, nyekundu na kahawia, zinaelea mlangoni kama wale wadudu wa ziwani, na kila moja naiuliza, wewe umevishwa na nani, nayo inageuka mkia inaenda zake. Naamka nimelowa jasho, sijui ni saa ngapi, na nje mzee yuko pale pale mgongoni mwa mtumbwi, anatazama. Fomu ile nilikuja kuipeleka kwa kuchelewa, na mpaka leo sijui kama kuna aliyeisoma.

Siku moja, vyombo vimekwisha na mtoto amelala, nikaona ninajidanganya. Nimepita nyumba za watu na yangu nimeiruka. Nikachukua daftari, nikaenda kibandani, nikapiga goti kwa umbali unaostahili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, samahani. Ni ile kazi ya bwana samaki. Nauliza kila nyumba." Nikafungua daftari. "Hapa nyumbani kuna anayejivishia ndoano mwenyewe?"

Kilipita kitumbwi mbele yetu, kafi ikiingia na kutoka majini bila sauti, kikapita chote, na bado hajajibu.

"Andika mmoja," akasema.

Nikaandika moja. Ilikuwa ndiyo pekee katika daftari zima. Nilipoinua macho niseme asante nikaona midomo yake inatetemeka, naye akageuza uso upande wa maji. Nikarudi nyuma kwa magoti, nikaenda moja kwa moja kwa wifi yangu.

Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mwanamke wa maneno machache na kwangu mimi alikuwa ameyapunguza zaidi. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamweleza nilichouliza na nilichojibiwa. Mikono yake ikasimama.

"Umemuuliza baba hivyo? Usoni?"

"Si nauliza kila mtu? Kuuliza si ujinga."

"Wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa, "ulikataa kumvishia, ukaona haitoshi, ukaenda kumwandika?"

Nilikataa? Mimi? Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Akanieleza, mwanzoni kwa ukali, halafu, alipoona ninavyomtazama, polepole. Ndoano ya manyoya mtu hajivishii. Huvishwa na mkono wa mtu unayekula naye chungu kimoja, mke, mtoto, mkwe, yeyote wa nyumba ile. Anayejivishia anaitangazia dunia kwamba ndani hana mtu. Na haiombwi. Unaichomeka kwenye gunzi, unaiweka na unyoya wake na uzi wake pale mwenzako anapofanyia kazi, basi, unaondoka. Anayekukubali ataivisha. Mama yao alikuwa akiikuta kichanjani kila alfajiri, na kabla moto haujawaka imeshavishwa.

"Baba alikuwekea," wifi akasema. "Wiki ile ile uliyofika. Tukaona umeirudisha mlangoni kwake. Akaweka tena. Ukarudisha. Masika matatu, wifi. Tukasema huyu wa mlimani anatuona sisi tunanuka samaki. Mwaka huu hakuweka."

Mama yangu! Nikayaona yale magunzi yote, asubuhi zote zile, na mimi nayanyanyua kwa vidole viwili. Vidole viwili! Yeye ndani, nyuma ya mlango, anasikia nyayo zangu zikija, labda anadhani leo amekubali, kumbe namrudishia. Na mimi naimba wimbo wa kanisani.

Kisha hasira ikaja, na nikaikaribisha. "Mngeniambia!" nilimpigia kelele. "Miaka mitatu mnanitazama napotea, hakuna hata mmoja mwenye mdomo? Mimi kwetu kitu cha baba mkwe hakishikwi! Nilikuwa namheshimu!"

"Kukuambia ndiko kukuomba," wifi akasema. "Mtoto hutumwa. Mkwe haombwi."

"Basi na wewe ungemvishia! Ni baba yako!"

"Mkono wangu umeshaolewa. Nakula chungu kingine."

Tulitazamana. Kwao heshima ilikuwa kuacha kitu pale na kunyamaza, kwetu heshima ilikuwa kutokishika na kunyamaza, na katikati mzee alikuwa anakonda. Nilianza kulia, na wifi akalia, akaniambia niache upumbavu nimletee uzi.

Alinifundisha siku mbili, uani kwake, kwenye ndoano za mumewe. Unaanzia karibu na tundu, unarudi nyuma, unyoya unaulaza ubavuni, unazungusha uzi ukiukaza kwa meno, na mwisho unapitisha kitanzi mara mbili. Ukikaza mno unyoya unavunjika. Ukilegeza, maji ya kwanza tu yanauvua. Zangu za mwanzo zilifanana na kuku aliyepigwa na gari, na wifi alisema hivyo hivyo, tena kwa sauti ili jirani asikie. Ndiyo mara ya kwanza alinitania. Nilichoma vidole vyote.

Ila kulikuwa na shida. Mwaka ule mzee hakuweka ndoano kichanjani, na mimi siwezi kuivisha ndoano ambayo sikupewa. Nilingoja. Kila asubuhi natoka kabla moto haujawaka, nakuta vyombo tu. Msimu unakwenda. Watu walirudi na mbasa wanaong'aa, tukaletewa kipande, na mzee akakitazama kwenye sahani yake, akakisogeza kwa mtoto. Nikajua hataweka tena. Amekwisha kataliwa mara nyingi za kutosha.

Jumapili mzee na wifi walikwenda na mtoto kwenye ibada yao, mimi Mroma nilikuwa nimeshasali yangu alfajiri. Nyumba ikawa tupu. Upenuni mwa chumba chake linaning'inia kopo la zamani la rangi, ndimo anamoweka vifaa vyake, na mimi sikuwahi kulitazama hata kwa ndani. Nilisimama chini yake kama mwizi. Nilimsikia bibi yangu wa Mkumbi, Mungu amlaze pema, akiniambia nitaota majipu. Nikanyoosha mikono yote miwili nikaliteremsha.

Ndani kulikuwa na ndoano za manyoya. Nyingi, za masika matatu. Mtu aliyezifunga alikuwa haoni vizuri vitu vya karibu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Uzi umerukaruka, manyoya yamekaa upande, nyingine imefungwa kwa nyuzi za gunia, na kila moja ameirudia, ameifumua, ameirudia tena. Ina maana alikuwa akienda ziwani na hizi na kuwaambia wenzake kwamba nyumbani anavishiwa. Kwa ajili yangu. Ili nisisemwe. Nilikaa chini ya upenu ule, kopo mapajani, nikalia hadi kamasi, sioni aibu kusema.

Chini kabisa ya kopo zilikuwepo ndoano tupu, nikachagua moja. Nikamkamata jogoo wetu mmoja, nikamnyofoa manyoya mawili ya shingo akanipigia kelele kama ninamchinja. Nikaivisha pale pale, taratibu, mara tatu nikifumua. Nikaichomeka kwenye gunzi na nikaiweka kichanjani, upande anaopita kwenda kunawa. Nikarudisha kopo. Aliporudi kutoka ibadani nilikuwa jikoni, naosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Alipita. Nikasikia nyayo zinasimama, halafu nyayo zinaendelea.

Jumatatu ilikuwa bado ipo. Jumanne ipo, imelowa umande, mkia umelala. Bwana samaki akapita kuuliza kadirio, nikamwambia bado nakadiria, na alivyoniona uso hakubishana. Jumanne mchana milima ya ng'ambo haikuwepo, wala mstari wa maji haukuwepo, kila kitu kilikuwa cheupe, na mimi nilikaa mlangoni nikamwambia Mungu kwa Kimatengo, kwa sababu ndiyo lugha ninayogombana naye, kwamba mzee huyu akifa akidhani namdharau sitamsamehe. Sikusema sitamsamehe nani. Nadhani nilimaanisha sote.

Jumatano nilitoka na ndoo. Gunzi lipo, ndoano haipo. Nikatazama kibandani. Mtumbwi haupo. Mchangani kulikuwa na alama pana ya kuuburuta hadi majini, na alama za miguu yake kila upande, akiusukuma peke yake, na umri ule.

Sikufanya kazi yoyote ya maana asubuhi hiyo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na sauti za wavuvi zilitoka ndani yake bila watu, mtu anacheka, mtu anakohoa, kafi inagonga ubavu wa mtumbwi. Nilijaribu kukisia kikohozi chake ni kipi. Mtoto aliniuliza babu yuko wapi nikamwambia yuko ndani ya mawingu, akaridhika.

Jua lilipopanda nikamwona anakuja, suruali imekunjwa hadi magotini, mguu mmoja unaburuta kidogo. Mikono yake haikuwa na samaki. Mkono mmoja ulishika mshipi, na ncha ya mshipi ilikuwa tupu. Nikaweka sahani chini. Nikapiga goti pale pale kwenye matope ya kichanja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikangoja asante. Nikangoja mvua hiyo inakuja. Alisimama mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama, ananuka maji na jasho, akainua ile ncha tupu ya mshipi hadi machoni pangu.

"Ameondoka nayo," akasema. "Mbasa wa hivi." Akaonyesha kwa mkono, hadi begani, na kwa kweli samaki wa namna hiyo hayupo ziwa lile. "Umefunga kama unafunga mzigo wa kuni. Hapa shingoni umelegeza. Mara mbili haitoshi, pitisha tatu. Nani kakufundisha mara mbili?"

Sikuweza kumtaja wifi.

"Haya, inuka," akasema. "Nivishie nyingine. Upesi, bado wapo."

Alikuwa ameniomba. Hapana, hakuniomba, alikuwa amenituma. Nilisema "Ndiyo, baba", nikaanza kumkimbiza jogoo uani, na sikumkamata upesi kwa sababu machozi yalinijaa sioni mbele, na nyuma yangu mzee aliyenyamaza miaka mitatu alikuwa anapiga kelele hadi majirani wakatoka nje, "Si huyo! Huyo mweusi! Mzungukie huku, mtoto wewe, mzungukie!"